Tuwaombee na wasio na majina



Mwezi huu wa Novemba Kanisa linawakumbuka marehemu wote. Katika parokia nyingi foleni ya nia za misa ni ndefu kuliko mwezi mwingine wowote, nasi mapadre tunakaa na daftari mezani tukiuliza maswali yale yale: unamwombea nani, jina lake la ubatizo ni lipi, misa unaitaka siku gani. Leo nataka kukusimulia siku ambayo daftari hilo lilinishinda. Kisha nitakupeleka Kilwa na Lindi ya mwaka 1905, maana mzizi wa habari yenyewe uko huko.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahudumu katika parokia moja ya kusini. Siku moja, baada ya misa ya asubuhi, bibi mmoja mzee aliingia ofisini. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa noti, akaiweka mezani.

"Baba, naomba misa ya watu wetu waliokufa na njaa ya vita."

"Vita gani, Bibi?"

"Vita vya Majimaji," alinijibu, kama mtu anayetaja msiba wa mwaka jana.

Nikamwomba majina. Alinyamaza kidogo. "Majina sina, Baba. Aliyenisimulia ni bibi yangu, naye alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mama yake alimjua kwa jina la mama tu. Kaka zake wawili aliwaita kaka."

Nikamuuliza kama walikuwa wamebatizwa. Akatikisa kichwa. "Baba yake bibi alikunywa maji ya dawa, akaenda vitani. Hakurudi."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia kwamba marehemu wote tunawaombea kila siku katika misa, hao nao wamo humo humo, hakuna haja ya kuandika. Nikafunga daftari. Yule bibi hakubishana. Aliichukua noti yake, akaifunga tena katika kanga, akasema kwa sauti ya chini: "Sawa, Baba. Lakini wale watano mnawasoma kwa majina." Akaondoka.

Ndugu msomaji, alikuwa anasema kweli. Wale watano ni Askofu Cassian Spiss, Bruda Andreas Scholzen, Bruda Gabriel Sonntag, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert, wote Wabenediktini. Walikuwa wametoka Kilwa kwa miguu, wakielekea Peramiho, wakauawa na wapiganaji wa Majimaji huko Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale, tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Askofu Spiss alikuwa mtu wa Tirol, Austria. Ndiye aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na alipokufa alikuwa na umri usiozidi miaka 40. Wiki chache baadaye misheni ya Nyangao, nyuma ya Lindi, nayo ilishambuliwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Sisi watu wa Kanisa tunayajua majina haya, na ni haki yetu kuyajua. Hao ni ndugu zetu katika imani, walikuja kuhubiri, wakafa njiani.

Lakini yule bibi hakuwa anawaonea wivu. Aliuliza swali lililo zito kuliko wivu: je, waliokufa kwa maelfu katika vita vile vile, nani anawaita?

Tukumbuke kwa ufupi yaliyotokea. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha wananchi wa pwani na nyuma ya pwani kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Kazi ilikuwa ya wananchi, kiboko kilikuwa cha serikali, na malipo yalikuwa ya kudhihaki. Na tuseme ukweli wote: kiboko hicho mara nyingi kilishikwa na watu weusi wenzao, maakida na majumbe waliowekwa na serikali. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa anawagawia watu maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Katika nusu ya pili ya Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, kwenye vilima vya nyuma ya Kilwa, waling'oa mipamba. Vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini moto ulikuwa umekwisha kuenea, ukafika Liwale, Lindi, Mahenge na Songea.

Risasi zilimaliza wengi, lakini njaa ilimaliza wengi zaidi. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji, yakachoma maghala, yakaharibu chakula shambani, ili wananchi wanyenyekezwe na tumbo. Serikali yenyewe ya Wajerumani ilikadiria kwamba watu wapatao 75,000 walikufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya vita hivyo, aliona idadi ni kati ya 250,000 na 300,000. Tazama tofauti ya hesabu hizo mbili. Kati ya moja na nyingine wanapotea watu wa mkoa mzima. Ndugu zake yule bibi wamo mahali fulani katika pengo hilo.

Sasa nataka tuwatazame watu watatu wa wakati ule: padre, mtawala na mshairi. Nawachagua hao kwa sababu wote watatu walikuwa watu wa kalamu, na mtu wa kalamu ataulizwa na Mungu alimwandika nani na alimwacha nani.

Padre ni huyo huyo Askofu Spiss. Kabla ya kufa alikuwa ameichunguza lugha ya Wangoni, na mwaka 1904 utafiti wake juu ya Kingoni ulichapishwa Berlin. Hilo si jambo dogo. Mtu anayejifunza lugha yako hadi kuandika sarufi yake amekaa chini akakusikiliza.

Mtawala ni Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala tangu 1901 hadi 1906. Vita vilipigwa chini ya amri yake, na mwaka 1909 akatoa kitabu kuvieleza. Basi tuna habari za vita zilizoandikwa na aliyeviendesha.

Mshairi ni Abdul Karim bin Jamaliddini, Mwislamu wa Lindi. Yeye alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Humo mtu wa pwani anasimulia kwa Kiswahili chake yaliyoipata nchi yake. Mwaka 1957 ulichapishwa huku kwetu Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley, lakini ulikuwa umetangulia kutoka Berlin mwaka 1933.

Angalia ajabu ya Mungu. Berlin kulikuwa na chuo cha lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887, ambako maofisa walifundishwa Kiswahili kabla ya kuja kututawala. Jarida la chuo hicho ndilo lililochapisha Kingoni cha Askofu Spiss, na jarida hilo hilo ndilo lililochapisha utenzi wa Abdul Karim. Askofu aliyeuawa njia ya Liwale na mshairi Mwislamu wa Lindi wamelala katika jarida moja, jarida la chuo cha watawala. Hapa duniani hakuna aliyewaketisha pamoja hao watatu. Maktaba imewaketisha.

Usidhani kila mshairi wa pwani aliwaandikia wanyonge. Hassan bin Omari Makunganya alipopambana na Wajerumani, akakamatwa na kunyongwa Kilwa mwaka 1895, lilitungwa shairi juu yake, na palikuwa na washairi waliowasifu washindi. Ushairi ni kipaji kama vipaji vingine. Unaweza kukipeleka penye sahani iliyojaa, au ukakipeleka penye kilio. Ndivyo ilivyo pia kwa upadre na kwa uongozi.

Lindi imeendelea kutoa watu wa kalamu. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alizaliwa Lindi. Wengi wenu mmeisoma shuleni. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wakivikumbuka vita hivyo. Na hata mbali kabisa, katika nchi za lugha ya Kihispania, yuko msomi wa Mexico, José Arturo Saavedra Casco, aliyetoa mwaka 2007 kitabu juu ya tenzi zetu za vita na uvamizi wa Wajerumani. Mtu wa Mexico anajifunza Kiswahili ili amsome mshairi wa Lindi, nami paroko wa kusini nikashindwa kuandika mstari mmoja katika daftari.

Nimezitaja nchi za Kihispania, na huko nataka tukae kidogo, kwa sababu Kanisa la huko limepita njia hii kabla yetu.

Bartolomé de las Casas alikwenda Amerika akiwa kijana, akapewa ardhi na wenyeji wa kumlimia kwa nguvu. Kwa hiyo alianza upande wa wenye kiboko. Mwaka 1514, akiwa tayari padre, aliwaachilia watu wake, akaanza kuwatetea wenyeji mbele ya wafalme wa Hispania. Baadaye akawa Mdominiko, kisha askofu wa Chiapas, na mwaka 1552 akachapisha Sevilla maelezo mafupi ya maangamizi aliyoyaona. Alisema wazi waliofanya ukatili ule walikuwa Wakristo. Lakini hata yeye alikuwa na kipofu chake: aliwahi kushauri waletwe watumwa Waafrika ili wenyeji wa Amerika wapumzike. Uzeeni alijuta, akaandika kwamba alikosea. Sisi wa pwani iliyokuwa na soko la watumwa Kilwa Kivinje tunajua kosa hilo lilikuwa na uzito gani. Ninamtaja ili nikuonyeshe kwamba mtu mwema anaweza kuwatetea hawa kwa nguvu zote, na papo hapo asiwaone wale.

Wa pili ni Mtakatifu Oscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador. Nchi yake ya El Salvador ilipoingia katika mauaji, watu walikuwa wanakamatwa usiku na hawaonekani tena. Mama zao walikwenda ofisi za serikali, wakaambiwa hakuna mtu wa jina hilo katika orodha. Basi wakaenda kwa askofu. Naye kila Jumapili katika mahubiri, yaliyorushwa na redio ya jimbo, aliwataja waliouawa na waliopotea, majina yao na mahali walipochukuliwa. Nchi nzima ilikaa karibu na redio. Tarehe 24 Machi 1980 alipigwa risasi akiadhimisha misa. Tarehe 14 Oktoba 2018 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Romero alikuwa na mahubiri, alikuwa na maikrofoni na alikuwa na karatasi ya majina. Silaha nyingine hakuwa nayo, na waliomwua waliiogopa karatasi hiyo.

Lakini Romero alikuwa na majina. Mimi nilikuwa na bibi asiye na majina. Nifanyeje? Jioni ile nilimpigia simu padre mwenzangu, mzee kuliko mimi, nikamsimulia kama mtu anayetafuta kuungwa mkono. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Kanuni ya 901 uliiacha seminarini?"

Kanuni ya 901 ya Sheria ya Kanisa ni fupi kuliko zote utakazosikia leo. Inasema padre yuko huru kutolea misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Haikuweka sharti la ubatizo, wala la jina. Nayo Sala ya Ekaristi ya Nne, ambayo mapadre wengi tunairuka kwa kuwa ni ndefu, inawakumbuka waziwazi hata wafu ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Kanisa lilikuwa limeufungua mlango zamani. Aliyeufunga ni mimi.

Usiku huo nilifungua Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 21. Ni sura ambayo haihubiriwi mara nyingi, nakuomba uisome leo nyumbani. Nchi ya Israeli ilipigwa na njaa miaka mitatu kwa sababu ya damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na mfalme Sauli. Mfalme Daudi akatafuta suluhu kama watawala wengi wanavyoitafuta: akatoa wana na wajukuu saba wa Sauli, wakanyongwa mlimani, miili ikaachwa pale pale. Wawili kati yao walikuwa watoto wa Rispa, binti Aya, suria wa Sauli. Mwanamke huyu hakuwa na cheo. Katika sura nzima hasemi neno hata moja. Alichukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Na hakulinda wanawe wawili tu. Alilinda maiti zote saba.

Habari zikamfikia Daudi. Na Daudi, kumbuka, alikuwa mtawala na mshairi pia. Ndiye aliyemtungia Sauli, adui yake, wimbo wa maombolezo. Safari hii mshairi alikuwa amelala ndani ya mtawala, na mwanamke asiyesema ndiye aliyemwamsha. Akaenda akakusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya wale walionyongwa, wakazikwa. Soma vizuri mwisho wa habari hiyo: Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi baada ya maziko. Biblia haisemi kwamba aliyasikia baada ya kunyonga.

Ukifika Kilwa Kivinje, uliza watu wakuonyeshe mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, walipokuwa wakinyongwa waliokataa utawala wa Wajerumani. Simama pale dakika chache. Utaielewa habari ya Rispa bila mhubiri.

Basi siku iliyofuata nilipanda pikipiki nikaenda kwa yule bibi. Nilimkuta kibarazani anamenya ming'oko. Nilimwomba radhi. Hakunipa hotuba. Alisema, "Kaa kwanza, Baba," akaniletea ming'oko iliyochemshwa na chai. Tulipokuwa tunakula akanieleza kwamba ni ming'oko hiyo hiyo ya porini iliyomwokoa bibi yake. Mama yake alikuwa anaichimba, anawapa watoto kwanza, hadi siku moja hakuamka. Watoto wakafuata njia ya pwani pamoja na watu wengine. Kaka zake wakaishia njiani. Yeye alifika Kilwa akiwa mifupa mitupu, akachukuliwa na familia ya Kiislamu, wakamlea kama mtoto wao, wakamwoza. Ukristo uliingia katika ukoo baadaye, kwa ndoa ya mtoto wake.

"Kwa hiyo, Baba," akasema, "mimi nimekuja kanisani kwa miguu ya watu hao. Mama aliyechimba ming'oko hakubatizwa. Waliomlea bibi yangu hawakubatizwa. Kama hawamo, na mimi nisingekuwemo."

Nikatoa daftari. Nikamuuliza tuandike nini. Akafikiri, akasema: "Andika, watu wa bibi yangu." Nikaandika hivyo hivyo. Misa tuliiweka tarehe 14 Agosti, siku ya wale watano, tukawaombea wote katika altare moja: askofu, mabruda na masista kwa majina yao, watu wa bibi yake bila majina, na wale walioshika mikuki Mikukuyumbu.

Najua baadhi yenu mtashtuka kwa hao wa mwisho. Sisemi kwamba kumuua askofu na masista wasio na silaha kulikuwa sahihi. Ilikuwa dhambi, na machozi ya Peramiho yalikuwa ya haki. Lakini Stefano alipopigwa mawe aliwaombea waliompiga, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 7, na kabla yake Bwana wetu alifanya hivyo msalabani. Misa ya shahidi isiyowaombea waliomuua imekatika katikati. Zaidi ya hayo, mkuki uliua watano njiani, na moto wa maghala ukaua maelfu nyumbani kwao. Mkristo akikumbuka la kwanza na kusahau la pili, kumbukumbu yake inachechemea.

Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Ilichukua zaidi ya miaka 100. Wapo wanaosema maneno hayajazi tumbo, na ni kweli yako mengi ya kudai bado, ikiwemo mifupa ya mababu iliyochukuliwa ikapelekwa Ulaya. Hata hivyo mtawala aliyekuja kusimama penye makaburi amefanya alilofanya Daudi aliposikia habari za Rispa. Tumwombee yeye, na tuwaombee wa kwetu wajifunze kusimama hivyo mapema zaidi.

Sasa wewe ndugu msomaji, mambo haya yanakuhusu vipi Jumapili ya leo?

Kama wewe ni kiongozi, mtendaji wa kijiji au mkubwa wa wilaya, una daftari lako. Kila daftari lina walioachwa nje: yule ambaye hana kitambulisho, yule mjane ambaye shamba limeandikwa jina la shemeji, yule mgonjwa ambaye siku ya kuandikishwa hakuweza kutembea. Walioandikwa wataisifu kazi yako. Mungu atakuuliza habari za hao wengine.

Kama wewe ni mtu wa kalamu au wa kuimba, jiulize wimbo wako wa mwisho ulimwimbia nani. Wenye sahani iliyojaa wana waimbaji wa kutosha.

Kama wewe ni padre au katekista mwenzangu, usifunge daftari haraka. Anayekuja na fundo la kanga amefikiri kwa muda mrefu kabla ya kufika mezani kwako.

Na wewe mwamini wa kawaida, mwezi huu usiwaombee wazazi wako peke yao. Katika jumuiya yako ndogo ndogo waulizeni wazee waliobaki: nani alikufa na njaa, nani alizikwa njiani, nani alituokoa. Waulizeni na majirani zenu Waislamu, maana kusini koo zetu zimechanganyika na kumbukumbu zimegawanyika kwenye nyumba mbili. Andikeni mnachopata. Pasipo na jina, andikeni walichofanya. "Aliyechimba ming'oko" ni jina tosha mbele ya Mungu.

Yule bibi amekwisha kufa. Novemba hii amo katika daftari langu, kwa jina lake la ubatizo. Chini yake nimeandika tena mstari ule alioniambia, watu wa bibi yangu, na nitauandika kila mwaka hadi mtu mwingine atakapokuja kuliandika jina langu.